Mimi na Dume la Shosho

Jumapili iliyopita msichana mmoja wa hosteli yetu, anayetoka Kianyaga, alifungua mkebe wa kakao aliotumiwa na mama yake. Ndani hakukuwa na kakao. Kulikuwa na mafuta ya kondoo, meupe, yameganda kwa baridi, na mahali kidole cha mtu kilipita juu yake kikaacha njia. Wasichana wengine walikimbilia madirisha.

"Wewe, funika hiyo kitu. Kesho tutanuka zizi mpaka darasani."

"Mwambie mama yako siku hizi kuna krimu."

Walicheka wote, hata mwenye mkebe. Mimi nilishindwa. Nikajikuta nimeshika mkono wangu hapa juu karibu na kwapa, najifinya na vidole viwili kama mtu anayepima nyama.

Msichana wa Kianyaga akaniangalia. "Na wewe unachukia harufu yake?"

"Sichukii. Nilipakwa hayo."

"Ndiyo sababu ngozi yako iko hivyo. Na vile unalala. Watu wanapiga kelele mpaka kengele na wewe umelala kama gunia. Si uniambie siri."

Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Lakini mimi si mtu wa siku nyingine, kitu kikinikaa kichwani lazima nikitoe, kwa hivyo naandika. Nitaandika vile nilivyoona wakati ule, na akili ile ndogo, kwa sababu nikieleza kwa akili ya sasa itaonekana kama mchezo. Haikuwa mchezo. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku ya matokeo ya mtihani.

Baba yangu ni mtu wa magharibi, polisi, na wakati huo alikuwa ametumwa Nyeri. Tulikaa laini za polisi, chumba kimoja na pazia katikati. Tulienda kwetu likizo, nikarudi na malaria. Dispensari walinidunga sindano mpaka nikawa nakaa upande mmoja, na homa ikaisha. Lakini mwili wangu haukurudi. Nilikuwa nachoka kwa kufunga kamba ya kiatu. Nikitumwa maji na kakopo kadogo nakaa chini njiani. Ngozi ilikauka ikawa kama ya mjusi, miguu ikatoka upele, nikawa najikuna mpaka shuka inashika damu. Na kulala hakuna. Mama alikuwa na mtoto mchanga wa kulialia, upande wa pili wa ukuta askari wa zamu wanaingia na kutoka na mabuti yao, na mimi nimefumbua macho naangalia pazia.

Daktari wa dispensari alinivuta ngozi ya chini ya jicho, akaangalia ndani, akamwambia Mama, "Huyu hana damu. Ameze hivi vidonge, ale, apumzike. Akizidi kupungua utamleta alazwe, na hapo sikuahidi kitu."

Mama alilia njiani. Mimi nilikuwa nashangaa damu yangu imeenda wapi.

Mama Muthoni ndiye alileta habari ya Shosho, ndiyo nyanya kwa Kikuyu. Alikuwa anauza mboga pale laini, mwanamke mkubwa wa vicheko, rafiki ya Mama, na wakati huo alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. "Mpeleke kwa mama yangu huko Chaka," alisema. "Hapa atalala saa ngapi? Mama yangu atamrudishia mwili. Ukimwona utamkataa, utasema si wako."

Jioni hiyo nilimsikia Baba nyuma ya pazia. "Mtoto wa polisi, kwa wale wazee wa kule? Unajua waliona nini na polisi?"

"Kwani wewe ulikuwa hapa?" Mama akamuuliza.

"Sikuwa hapa. Lakini shati ni ileile."

Sikuelewa. Niliyabeba hayo maneno tu, pamoja na blanketi langu na vidonge vyangu.

Nyumba ya Shosho ilikuwa ya mabanzi, peke yake kwenye uwanda wa nyasi fupi, na upepo ulishuka kutoka mlimani ukapita katikati ya mbao kama hakuna mbao. Ndani kulikuwa na moshi na giza, hata mchana. Mama alikunywa chai, akanishika kichwa, akarudi na mtoto wake mgongoni. Mimi niliwekwa kitandani kwa Shosho. Na hapo, upande wa ukuta, karibu kabisa na kichwa changu, nikasikia kitu kinatafuna.

Hakikuwa panya. Kilikuwa kitu kikubwa, kinatafuna polepole, kinanyamaza, kinapumua, kinaanza tena. Macho yalipozoea giza nikaona miti imesimamishwa kama kizizi, na nyuma ya miti, jicho la manjano.

Kwetu kondoo hulala nje. Huyu alikuwa dume, mkubwa kuliko mimi, na alikuwa anaishi ndani ya nyumba kama mtu. Hakuwa anatoka nje kabisa. Alikatiwa majani ya viazi vitamu, akaletewa maji na chumvi, akafagiliwa chini. Mkia wake ulikuwa mpana kama mto wa kulalia. Manyoya yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilikuwa na mkono mwembamba, ungeweza kupita katikati ya ile miti ukamgusa, lakini siku za kwanza niliuficha chini ya blanketi.

Shosho alikuwa mrefu, amenyooka, masikio yake yametobolewa yananing'inia. Kikuyu sikujua, na Kiswahili chake alikitoa kwa shamba la mzungu alikokuwa anakamua ng'ombe, kwa hivyo kilikuwa kifupi. Kilikuwa cha kuambia watu kazi. "Wewe kula. Wewe lala. Wewe hapana tembea." Nikijaribu kutoka kwenda kuangalia watoto wanaopita barabarani, ananirudisha na mkono begani. "Hapana kimbia. Damu kidogo."

Asubuhi alinipa vidonge vya dispensari, alafu kibuyu cha uji wa wimbi uliochachuka mpaka unasimamisha meno. Mchana alinipa thabai. Thabai ni yale majani yanayowasha, ukiyapita na mguu wazi utaruka. Nilimwona akiyachuma na kitambaa mkononi, nikagusa moja kujaribu, mkono ukavimba. Alafu mchana huohuo yakaletwa kwenye sahani, yamepondwa na viazi na mahindi, kijani kibichi, na Shosho amesimama juu yangu anasema kula. Nilimeza nikingoja tumbo liwake moto. Baada ya chakula alipasha mafuta ya mbarika karibu na moto, akanivua nguo, akanipaka kila mahali, polepole, vidole vyake vigumu kama kuni. Alafu kulala. Mchana, jua likiwa nje, watu wote wako kazini, mimi nalala.

Sijui ni siku gani niliona kwamba tuko wawili.

Yeye anapewa majani, mimi napewa majani. Yeye hatoki, mimi sitoki. Yeye anang'aa, mimi nimeanza kung'aa. Kila asubuhi Shosho aliingiza mkono kwenye kizizi, akamshika dume mgongoni, akamfinya mkia na vidole viwili, akafikiri kidogo, akasema, "Bado." Alafu akageuka. Na mkono uleule, una harufu ileile, akanishika hapa juu karibu na kwapa, akanifinya, akanivuta chini ya jicho kama yule daktari.

"Bado," akasema.

Kitanda changu kilikuwa kimetandikwa ngozi ya kondoo, nzito na ya joto. Nilimwuliza Nyambura ni ya nani. Nyambura alikuwa mjukuu wa Shosho, walikaa pamoja, alikuwa mkubwa wangu kidogo na alikuwa anaenda shule, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho.

"Hiyo?" akasema. "Ni ya yule alikuwa hapo kabla ya huyu."

"Alienda wapi?"

Alinicheka. "Uliona kondoo inaenda wapi? Ilinona."

Wanawake jirani walikuwa wanakuja kusalimia. Waliinama kwanza kwenye kizizi wakamwangalia dume, wakasema maneno yao, wakapiga ulimi. Alafu wakanigeukia mimi, wakasema maneno yao, wakapiga ulimi vilevile. Mmoja alinishika shavu. Wakacheka wote na Shosho akacheka, na sikuelewa hata neno moja. Ukiwa hujui lugha ya watu unabaki na macho peke yake, na macho yangu yaliona mikono tu.

Jioni moja Nyambura alirudi shule amelowa na mvua. Kwenye sufuria yake kulikuwa na githeri ya jana, mahindi na maharagwe tu. Kwangu kulikuwa na supu, Shosho alikuwa amepata mfupa mahali. Nyambura aliiangalia hiyo supu mpaka ikaacha kutoa moshi.

"Wewe mtoto wa polisi," akasema polepole, Shosho akiwa nje na kuku. "Unafikiri Shosho anakupenda?"

Nikavuta supu yangu karibu.

"Mimi ni damu yake na nakula githeri. Wewe ni nani? Unajua guka yangu yuko wapi? Bwana ya Shosho?"

"Sijui."

"Polisi walikuja wakamchukua hapa hapa kwa mlango. Siku za vita na wazungu. Akaenda na kofia yake. Hajarudi mpaka leo, hata kaburi hatuna. Na babako ni nani?"

"Baba hakuwa hapa," nikasema. Nilikumbuka ile shati.

"Ati hakuwa hapa." Akachukua kijiko changu akakunywa supu yangu, mara moja, akakirudisha. "Kula basi. Kula unone."

Nawaambia, hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu asiyenijua ananipikia hivi. Sasa nilijua. Watu wa hapa walikuwa wanawadai polisi, na Mama, kwa kutojua, alikuwa amemleta mtu wa kulipa. Sikufikiri Shosho ni mbaya, hiyo ndiyo ilikuwa inatisha. Alikuwa ananipaka mafuta vizuri. Alikuwa ananifunika miguu. Hata dume naye Shosho alikuwa anamkuna nyuma ya sikio.

Kutoroka singeweza, miguu yangu isingenifikisha hata barabarani. Kwa hivyo nilifikiri kama mtoto anavyofikiri. Anayenona kwanza ataitwa kwanza. Shosho akimaliza kusimama juu yangu akaenda shambani, nilipitisha mkono katikati ya miti na sahani yangu. Mara ya kwanza dume alinusa thabai akapiga kwato chini. Mara ya pili alikula. Ulimi wake ulikuwa wa moto na wa kukwaruza, alinilamba mpaka kifundo cha mkono. Uji nilimwagia kwenye karai lake la maji. Vidonge nilimeza kwa sababu Shosho alikuwa ananifungulia mdomo kuangalia. Chakula kingine chote kilienda kwake, nikabaki na kidogo tu cha kuzuia tumbo lisingurume mtu akasikia.

Njaa nayo ina usingizi wake wa ajabu. Nilikuwa nalala kidogo, naamka, na kila nikiamka namsikia anatafuna. Nilianza kungoja hiyo sauti. Akitafuna najua yuko, hajaitwa, na kama yeye hajaitwa mimi pia bado. Mgongo wangu niliuegemeza kwa ile miti, na upande wa pili yeye akauegemeza wake, tukapeana joto. Nilimwogopa na nilimtegemea, sijui nitaelezaje.

Dume alinona mpaka akawa anapumua kwa shida. Mimi nilipungua. Macho yalikuwa yanaona giza nikisimama, na mara moja nilianguka mlangoni nikaamka kichwa kikiwa mapajani kwa Shosho, ananipepea na shuka. Aliniongelea Kikuyu, haraka haraka, kama anaomba mtu asiyekuwa hapo. Tangu siku hiyo, akinivuta jicho, hakusema bado. Alinyamaza. Huo unyamavu ulinitisha kuliko hata lile neno.

Nyambura akatumwa madukani Chaka na ujumbe wa kupelekwa laini kwa Mama Muthoni. Aliporudi akaniambia, "Babako ameitwa."

"Anakuja kunichukua?"

"Anakuja kuona."

"Kuona nini?"

Nafikiri wakati huo na yeye alikuwa ameanza kuogopa, kwa sababu hakunitania. Alinipa hata viazi viwili vya kuchoma kutoka mfukoni mwake, na mimi nikampa dume.

Asubuhi yenyewe Shosho aliamka mapema, akaingiza mkono kwenye kizizi, akamfinya dume mkia.

"Sasa," akasema.

Akanigeukia. Akanishika mkono hapa juu, na vidole vyake vikakutana vyenyewe, nyama hakuna. Akaangalia jicho langu muda mrefu. Alitoka nje, na nikamsikia anaita mtu.

Nilichungulia katikati ya mbao. Mzee jirani alikuwa amekuja na koti lake la jeshi lililochakaa, amechuchumaa, ananoa kisu kwenye jiwe, anatema mate kwenye jiwe, ananoa tena. Nyambura hakuenda shule. Alikuwa anakata matawi na kuyatandaza kwenye nyasi, majani juu, pahali pa kuwekea nyama. Matawi yalikuwa mengi. Niliyaangalia vizuri, na kwa macho yangu yalikuwa mengi kuliko ya kondoo mmoja. Sufuria kubwa ilikuwa tayari motoni. Na Baba hakuonekana barabarani.

Basi niliingia pahali peke yake nilipojua. Nilisukuma kijiti kimoja ambacho nilikuwa nimekilegeza kwa kupitisha sahani, nikajipenyeza, nikalala nyuma ya dume, kati ya tumbo lake na ukuta. Alikuwa wa moto kama jiko. Moyo wake nilikuwa nausikia kwa shavu langu, au ulikuwa wangu.

Mzee aliingia na kamba. Alitoka kwenye jua, kwa hivyo alikuwa haoni. Akaondoa miti ya mbele, akainama, akaingiza mkono gizani, akapapasa, akashika mguu.

Mguu ulikuwa wangu.

"Mimi bado," nikasema. Sikupiga kelele kwanza, nilimwambia tu, kama mtu anayesahihisha. "Mimi bado. Shikeni mguu, shikeni mkono, bado. Ni yeye. Mimi bado." Alafu sauti ikatoka yote, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu na kwa maneno ambayo si ya lugha yoyote, na mzee aliniachilia kama amegusa moto, na dume akaruka akampita, akavunja kizizi, akatoka mlangoni kwa mara ya kwanza, na nje nikasikia vyombo vinaanguka.

Nilipofungua macho mlango ulikuwa umejaa. Shosho alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Nyuma yake Mama Muthoni na tumbo lake, anahema kwa kutembea. Na nyuma ya wote, Baba, ametoka kazini moja kwa moja, na shati la polisi, na kofia, na mabuti. Niliona vile Shosho aligeuka akamwona. Alisimama. Hakurudi nyuma, lakini alishika mbao ya mlango kwa mkono ule niliokuwa nauogopa.

"Mtoto anasema nini?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Anasema yeye bado," mzee akasema, na kwa sababu ya hofu akaanza kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

Shosho alirudi kwenye kizizi. Alikuwa anaangalia karai la dume. Aliingiza kidole, akakitoa na uji uliokauka, akaonja. Akainua kipande cha thabai iliyopondwa kutoka kwenye samadi. Akaangalia hicho kipande, akaangalia sahani yangu, akaangalia kile kijiti kilicholegea. Alafu akakaa chini pale pale kwenye mavi ya kondoo, nguo yake nzuri ikiwa chini, akasema maneno marefu kwa Mama Muthoni.

"Anauliza nani alikuambia atakuchinja," Mama Muthoni akasema.

Nyambura alikuwa amesimama nje na tawi mkononi. Niliona uso wake. "Hakuna," nikasema. "Niliona tu. Anatupima sisi wawili. Na polisi walimchukua guka."

Mama Muthoni alichelewa kutafsiri hiyo. Alipomaliza, Baba alivua kofia. Hakuiweka kwapani vile anavyofanya kazini, aliishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mama," akamwambia Shosho, "mimi sikuwa hapa."

Shosho alimwangalia kutoka mabuti mpaka kichwa. Aliongea polepole, na Mama Muthoni akafuata nyuma yake.

"Anasema anajua haukuwa hapa. Ulikuwa kwenu unachunga ng'ombe na makamasi. Anasema yeye si mjinga, alipika uji akijua ni mtoto wa nani. Anasema..." Mama Muthoni akasita, karibu acheke, karibu alie. "Anasema kama angetaka kulipiza kwa huyu mtoto, hangemlisha kwanza. Kazi yote hiyo ni ya nini, na mtoto alikuja karibu kufa mwenyewe?"

Baba aliangalia mkono wangu uliobaki mfupa.

"Na hiyo dume," Mama Muthoni akaendelea, akigusa tumbo lake, "ilikuwa yangu. Mwanamke wetu akizaa anachinjiwa, anapewa mafuta na supu mpaka nguvu irudi. Ameifuga kwa ajili yangu. Alituma niitwe ili aniambie. Anasema mimi niko na damu, nitangoja ingine. Huyu hawezi kungoja."

Kumbe huo unyamavu wote wa jichoni maana yake ilikuwa hiyo. Shosho alikuwa anaona natoka mkononi mwake na hajui kwa nini, chakula kinaenda na mtoto anapungua, na mtoto ni wa polisi, na akifia kwake ataambia nani kwamba alikuwa anampa uji. Nilifikiri hayo mimi mwenyewe hiyo Jumapili, na mkebe wa kakao uko wazi kwa meza. Yeye pia alikuwa anaogopa. Tulikuwa tunaogopana ndani ya chumba kimoja, na dume katikati anatafuna.

Walimkamata karibu na kwa jirani, hakuwa amezoea kukimbia. Sikuangalia. Lakini sitadanganya, supu ilipokuja sikumlilia, nilikuwa na njaa ya siku zote hizo. Ilikuwa nyeusi na mizizi chungu ndani, na mafuta yake yanaelea juu kama macho. Shosho alileta kibuyu mdomoni mwangu nikakaza meno. Akanielewa. Akakigeuza, akakunywa yeye, akanionyesha ulimi. Akamwita Nyambura, naye akakunywa. Alafu akamnyooshea Baba. Baba alikunywa na shati lake la polisi, amekaa kwa kigoda kidogo, magoti yamefika kidevuni, na akasema asante Mama. Nikakunywa mimi. Figo alipewa Nyambura, zote mbili, na Shosho alimwangalia akila mpaka akamaliza.

Baba alirudi kazini, nikabaki. Mafuta yaliyeyushwa yakawekwa kwenye mkebe, nikapakwa hayo pamoja na ya mbarika. Upele ulikauka ukadondoka kama maganda. Thabai nilikula mpaka nikawa naomba. Kitu kimoja tu kilikataa. Mchana nikilazwa, silali. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Ukutani hakuna anayetafuna, hakuna anayepumua, na mwili wangu ulikuwa bado unangoja kuitwa. Shosho aliniona nimekodoa macho kwa kile kizizi kitupu. Hakuniambia wewe lala. Alichukua ungo na maharagwe makavu, akaingia pale ndani alipokuwa anakaa dume, akakaa chini mgongo umeegemea miti ya upande wangu, akaanza kupasua maganda. Kra. Kra. Ananyamaza kidogo, anaanza tena. Nililala mpaka jua likashuka, na siku zilizofuata vilevile, na sijui hayo maharagwe yote yalitoka wapi, maana nafikiri mengine alikuwa anayarudisha na kuyachanganya tu kwa kelele.

Siku ya kurudi laini Baba alikuja na koti la kuazima juu ya shati la kawaida. Nilikuwa nimesimama uani na blanketi langu mgongoni, nimeshiba, nang'aa, nimeshinda asubuhi yote nikikimbizana na Nyambura, na hata yeye alikubali kwamba namshinda mbio. Shosho akaja. Akanishika mkono hapa juu karibu na kwapa, akafinya na vidole viwili. Akanivuta ngozi ya chini ya jicho, akaangalia ndani, polepole.

"Sasa," akasema.

Magoti yakaisha. Nilijua maana yake, nilijua kila kitu, na bado yaliisha. Baba alilazimika kunibeba mpaka barabarani, mtoto mzima mwenye nguvu zake zote.